Baba Yetu Uliye Polo

Kijiwe cha Woodley hakina benchi, kina kochi. Na kochi lenyewe hubadilika, kwa maana Oloo ni fundi wa viti, na watu wa hapo kando ya Ngong Road hukalia kazi za wateja wake bila haya wala shukrani. Wiki hiyo lilikuwa kochi la watu watatu kutoka Lavington, limeshavuliwa kitambaa, sponji imejaa alama za kucha za paka. Kibe hukaa katikati, pale ambapo springi hazijalegea. Ana nyumba za kupangisha Kinoo, na hakuna ajuaye kwa nini hushinda Woodley, wanamwita Landlodi. Nyakio, muuza mapazia ya mitumba, hukaa kwenye mkono wa kochi ili jicho moja libaki kwenye kibanda chake. Huyo ni Mama Pazia. Muli huwasili saa nane na birika lake la kahawa na jiko la makaa chini yake, na hana jina la utani kwa sababu ndiye mwenye kahawa, na mwenye kahawa hachokozwi. Hapo nchi hutengenezwa kila siku na kubomolewa tena kabla ya saa kumi. Lakini Jumatatu hiyo walipofika walimkuta Oloo ameinamia fremu, misumari midomoni, nyundo mkononi, na nyundo haigongi.

— Fundi, kahawa yako inapoa, Muli alisema.

— Mtoto wangu amekataa kuomba.

— Toa misumari kwanza, Nyakio akamwambia. Utameza tukuzike na kochi ya watu.

Oloo akaitema misumari kwenye kiganja, mmoja mmoja, akaipanga juu ya fremu. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye mazoea ya kuongea na mbao kuliko na watu. Siku hiyo hata mbao hakuwa na la kuziambia.

— Awiti, akasema. Jana amerudi nyumbani analia. Amesema haombi tena. Ati Mungu ana askari, na askari amemfukuza.

— Mungu ana nini? Kibe akauliza.

— Askari. Kwa geti.

Watu wa kochi wakakaribiana. Habari kama hiyo haimezwi bila kahawa, na Muli akamimina kabla hajaambiwa.

Basi Oloo akaeleza. Kila jioni, saa moja kamili, mama yake, Peres, hupiga simu kutoka kwao Ugenya. Simu huwekwa mezani, spika inafunguliwa, na familia inaomba pamoja, huku Ugenya na huku Woodley. Mkewe Oloo, Nasimiyu, ni Mbukusu, kwa hivyo nyumba yao huongea Kiswahili, na Awiti, mwenye miaka minane, hajui Kijaluo hata cha kuomba maji. Lakini sala ya Baba Yetu anaijua yote kwa Kijaluo, kutoka mdomo wa nyanya yake, ambaye humwita Dani, hadi sikio lake, kupitia simu. Yeye ndiye huongoza. Wuonwa man e polo. Baba yetu uliye mbinguni.

— Sasa shida iko wapi? Muli akauliza.

— Shida ni polo.

— Polo?

— Kwetu polo ni mbinguni. Lakini mtoto wa Woodley akisikia polo, anajua ni wapi? Ni huko Jamhuri! Kwa mchezo wa farasi! Miaka miwili yote mtoto anaomba, na akilini mwake Mungu anakaa uwanja wa polo.

Kibe alicheka hadi springi zikalia. Nyakio alitaka kumkemea, lakini naye akajifunika uso na kitenge.

— Na si hiyo tu, Oloo akaendelea, maana aibu ikishaanza kutoka hutoka yote. Neno linalofuata ni nyingi. Kwetu nyingi ni jina lako. Yeye anasikia polo, nyingi. Akamwuliza Shiku, mtoto wa jirani, polo ziko ngapi. Shiku akamwambia anajua moja tu. Jana baada ya Sande skuli wakaenda, mguu kwa mguu, mpaka kwa geti kubwa. Askari akamwambia Mkubwa hayuko.

Nyakio akashusha kitenge usoni.

— Si ungemweleza tu polo ni nini, Nyakio akasema kwa sauti ya chini.

— Nimemweleza! Nimemtoa nje nikamwonyesha juu. Nikamwambia, polo ni kule. Akaangalia, akaangalia, akaniuliza, kwa hivyo ni mbali kuliko Jamhuri? Nikasema ndio. Akaniambia, afadhali Jamhuri, Jamhuri mtu anafika. Akaingia ndani akalala na viatu. Mama alipopiga nikamwambia mtoto amelala, tutaomba kesho.

Oloo akachukua kahawa yake, akaiangalia, akairudisha. Jioni hiyo saa moja simu ingelia. Mama yake angesema, haya Awiti, tuongoze, na Awiti angenyamaza. Na mama yake, ambaye ana masikio ya kunguru, angesema, basi Oloo ongoza wewe. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Kwa maana Oloo alikuwa haijui tena sala hiyo. Ugenya alikuwa mtumishi wa altare, anayeamka kabla ya jogoo ili awashe mishumaa. Akaja Nairobi, akapata kazi za Jumapili, na maneno yakadondoka moja moja bila kelele, mpaka siku moja akayatafuta asiyapate. Tangu hapo, wakati wa sala, yeye huinamisha kichwa na kuguna mm-mm nyuma ya sauti ya mtoto, na hakuna aliyewahi kujua. Kile kitu kilikuwa kimetoka kwa mama yake kikatua kwa binti yake, yeye kikamruka. Nacho sasa kilikuwa karibu kuanguka, na aliyepaswa kukidaka ni yeye.

Haya yote hakuwaambia watu wa kochi. Aliwaambia tu:

— Saa moja mama anapiga. Nifanye nini?

Ukiuliza swali kama hilo Woodley, usitarajie jibu moja.

— Kiboko, Kibe akasema papo hapo. Sisi huko Kinoo tulipelekwa kanisa na kiboko. Baba alikuwa nyuma yetu na fimbo ya mforosadi, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa kanisa. Na angalia vile nimekuwa.

— Na kanisa ulienda lini mara ya mwisho? Nyakio akamwuliza.

— Mazishi ya Kamau wa buchari.

— Hiyo ni mwaka jana!

— Sikukosa lakini!

— Shida ni lugha, Muli akaingilia, huku akipuliza makaa. Mfundishe kwa Kiswahili. Kiswahili hakina polo. Hata sisi Wakamba tuko na shida. Kwetu mbinguni tunasema ituni. Mimi mtoto wangu wa mwisho aliniuliza Mungu ako kwa katuni gani.

— Ukamjibu?

— Nikamwambia ya saa kumi na mbili. Nilikuwa nimechoka, jamani.

— Nyinyi wanaume mnacheza, Nyakio akasema, akavuta kitenge mabegani kama mtu anayepanda mimbari. Sikizeni. Huyo askari hakuwa askari. Alikuwa malaika. Si hata kule bustani ya Edeni kuliwekwa malaika wa kulinda njia, na upanga wa moto? Mwambie Awiti alipimwa imani. Mwambie malaika alikuwa na sare.

— Na rungu, Kibe akaongeza.

— Na rungu, eeh. Upanga wa moto siku hizi utaubeba wapi?

Oloo akatikisa kichwa. Mtoto, alisema, alikuwa ameshamwambia kwamba askari huyo alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

— Malaika hawali? Nyakio akajitetea. Si walikula kwa Abrahamu?

— Mahindi ya kuchoma?

— Sasa wewe unataka kupangia malaika menyu?

Kibe alikuwa amefumba macho, na Kibe akifumba macho ujue anajenga ghorofa.

— Nimepata, akasema. Tunatafuta mzee mmoja. Mwenye ndevu nyeupe, safi, za kuchana. Kinoo najua mmoja, ni mpangaji wangu, hanikatalii. Tunamvalisha shuka nyeupe. Mama Pazia, uko na shuka nyeupe?

— Niko na pazia ya leesi.

— Leesi ni poa zaidi. Tunamkodishia farasi. Anapita hapo nje ya Woodley saa kumi na mbili jioni, polepole, anamwinulia Awiti mkono. Basi. Mtoto ataomba mpaka uzee.

— Na akimwuliza kitu? Muli akasema.

— Haongei. Mungu si wa kuongea ovyo.

— Wewe Landlodi, huyo mzee wako akianguka kutoka kwa farasi mbele ya mtoto?

— Tunamfunga.

— Unamfunga Mungu kwa farasi!

— Afadhali spika, Muli akasema, naye sasa macho yanang'aa. Hapo kwa mti wa jakaranda, nyuma ya nyumba ya fundi, tunaweka spika kubwa, zile za mikutano ya siasa. Saa moja ikifika, mimi naongea na sauti nzito: Awitiii...

— Na lafudhi ya Machakos, Nyakio akasema. Mtoto atakimbia, ataamini Mungu anauza kahawa.

Walicheka wote, na Oloo naye akacheka, hakuweza kujizuia. Kisha akakumbuka viatu vya Awiti vikichungulia chini ya blanketi, na kicheko kikamkauka. Akachukua nyundo. Akapiga msumari mmoja ukapinda.

Hapo ndipo walipomwona mtu amesimama kando ya kochi. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, amevaa sare ya samawati ya askari wa geti, kofia ameishika mkononi kama aliyefika kwenye matanga.

— Hamjambo. Samahani. Naambiwa hapa ndio kwa fundi wa viti?

— Umefika, Oloo akasema. Uko na kiti?

— Sina kiti. Natafuta babake kasichana kanaitwa Awiti.

Nyakio alishuka kwenye mkono wa kochi. Muli alishika birika kwa mikono miwili. Oloo akasimama, nyundo bado mkononi, na yule mtu akairudia nyundo kwa macho mara mbili kabla hajaendelea.

— Mimi naitwa Dalmas. Kwetu ni Vihiga. Mimi ndio yule askari. Na geti yenyewe si ya polo, wazee, ni boma ya mtu binafsi, imetenganishwa na polo na ukuta tu. Walikosea geti hata. Nilikuwa nakula, mtoto akanisalimia vizuri, akasema amekuja kuona Mungu. Nikafikiri ni mchezo wa watoto. Nikampatia kitabu ya wageni aandike, nikicheka tu. Akaandika. Halafu akaniuliza, sasa naingia? Na mimi nikamwambia mkubwa hayuko, ametoka, jaribu siku ingine. Ni mazoea! Mtu hayuko kwa orodha yangu, mdomo unasema wenyewe, mkubwa hayuko.

Akaikunja kofia mkononi.

— Alilia. Akaniambia, nitamwambia babangu, anatengeneza viti hapo Woodley. Mimi sijalala. Jumapili zote niko kwa hiyo geti, kanisa sijaona tangu Pasaka, na huko nyumbani mimi ni mzee wa kanisa. Halafu Mungu anapata mgeni mmoja, mmoja tu, na mimi namfukuza.

Akatoa simu, akawaonyesha picha ya ukurasa wa kitabu. Vichwa vikakutana juu ya kioo kilichopasuka. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa Gredi ya Tatu, uliotoka nje ya mistari. Jina: Awiti Oloo. Anakotoka: Woodley. Namba ya gari: miguu. Simu: ya Dani. Anakwenda kumwona: Mungu. Mwisho kabisa palikuwa na sehemu ya sababu, na hapo palikuwa peupe.

— Hapo ndio nimekuja kuuliza, Dalmas akasema. Hapo kwa sababu hakuandika. Nilimwuliza akasema ni siri yake na Mungu. Sasa nyinyi watu wake mnajua. Alikuwa anataka kumwambia nini?

Nyakio akageuka kukitazama kibanda chake ambako hapakuwa na mteja. Saa nzima walikuwa wamemvisha Mungu leesi, wakampandisha farasi, wakamfunga kamba, na katika hayo yote hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba mtoto alikuwa na neno la kusema. Wakamtazama Oloo. Oloo akatazama pale peupe kwenye picha.

— Sijui, akasema. Sikumwuliza.

Muli akainamisha birika ili ampatie mgeni kikombe. Lilitoa tone moja na moshi.

Oloo akaweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda.

Shule ilikuwa inatoka saa tisa na nusu. Awiti alipomwona baba yake kati ya kina mama na wasichana wa kazi waliosubiri langoni, alisimama ghafla.

— Baba? Nani amekufa?

— Hakuna mtu amekufa. Nimekuja tu kukuchukua.

— Hujawahi.

— Najua.

Wakatembea. Oloo alibeba begi, ambalo lilikuwa zito kupita kiasi, na kwa mita mia nzima alitafuta namna ya kuanza, kisha akaona hakuna namna.

— Yule askari amekuja kwa kazi yangu. Amesema pole. Amenionyesha ile kitabu uliandika. Akaniuliza ulitaka kumwambia Mungu nini, na mimi sikujua.

Awiti akapiga kijiwe teke. Akakifuata, akakipiga tena.

— Nilitaka kumwambia yule wa mm-mm ni wewe.

— Wa nini?

— Mm-mm. Dani alisema Mungu anajua kila mtu na sauti yake. Mimi ananijua. Dani anamjua. Mama anaombanga na Kibukusu akipika, anamjua. Lakini wewe unafanyanga mm-mm tu. Nikaona atafikiri ni friji.

Oloo aliinama haraka kufunga kamba za kiatu cha mtoto, ambazo hazikuwa zimefunguka. Alizifungua, akazifunga upya, taratibu, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakuwa anaona vizuri.

— Nilitaka kumwambia si friji, Awiti akaendelea juu ya kichwa chake. Ni babangu. Asikusahau.

— Awiti.

— Eeh.

— Yule askari alikosea. Mkubwa alikuwa ndani.

— Alinisikia?

— Alikusikia. Ndio akanitumia mtu mpaka kwa kochi.

Alilisema hilo bila kulipanga, na baada ya kulisema aligundua kwamba hakuwa anamtuliza mtoto. Alikuwa analiamini. Kwa muda mrefu hakuwa amesema neno la Mungu ambalo yeye mwenyewe alikuwa ndani yake, na lilimpa furaha ya mtu aliyeshika funguo zake mfukoni baada ya kuzitafuta nyumba nzima.

Awiti akakipiga kijiwe mara ya mwisho.

— Sasa polo ni juu kweli, ama ni Jamhuri?

— Ni juu. Lakini inaonekana hata Jamhuri anapita.

Jibu hilo lilimtosha. Akachukua mkono wa baba yake, wakavuka barabara.

Saa moja kamili simu ililia mezani. Nasimiyu akafungua spika, akaupunguza moto wa sufuria. Upande wa Ugenya palisikika kuku wakigombania mahali pa kulala, kisha Mama Peres akakohoa, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuomba.

— Haya, akasema. Awiti, tuongoze.

Awiti hakununa. Alimtazama baba yake, akangoja.

— Leo ni mimi, Mama, Oloo akasema.

Ugenya kiti kikasogezwa karibu na simu.

— Wuonwa, Oloo akaanza, kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe, sauti kubwa ya mtu aitaye ng'ambo ya mto. Wuonwa man e polo...

Na hapo maneno yakamkatikia. Alilitafuta neno juu ya meza, kwenye ukuta, kwenye mvuke wa sufuria. Upande ule mama yake alivuta pumzi na hakumsaidia. Awiti akasogeza kiti, akaweka mdomo karibu na sikio la baba yake.

— Nyingi, akanong'ona.

— Nyingi, Oloo akasema, akaendelea.